Dawa za TB ni bure, mgonjwa anajua hatari ya kuacha, na bado anaacha. Kwa nini?

#1 Kerengende

Wakuu, habari za jioni.

Nina hoja, naomba tuipasue pamoja. Kila tangazo la kifua kikuu huishia kwenye neno lilelile: elimu. Wagonjwa waelimishwe, jamii ielimishwe. Mimi najitolea kuwafuata nyumbani wagonjwa ambao hawajaonekana kliniki, na ninayoyakuta huko hayafanani na tangazo. Wengi wanajua. Wanajua dozi ni miezi sita, wanajua ukikatiza unaweza kupata TB sugu, wengine wanakutajia hata majina ya vidonge. Ukiuliza dawa ziko wapi, mtu anavuta mfuko chini ya godoro, anakuonyesha karatasi ya vidonge iliyotobolewa upande mmoja tu, upande wa pili umejaa.

Sasa hoja yangu ni kwamba mgonjwa haachi dawa kwa kutojua. Anaacha kwa sababu amepata nafuu. Kikohozi kimekata, homa za jioni zimeisha, jasho la usiku hakuna, uzito unarudi. Yote hayo huja ndani ya wiki chache, na mbele yake bado kuna miezi. Mwili unamwambia umepona, kadi inamwambia bado, na mtu huuamini mwili wake kuliko kadi.

Mnaonaje? Mliougua, mliouguza, wahudumu, karibuni.

#2 Dunda

Hoja ina uzito ila umeibana mno. Nafuu inaeleza walioacha mwezi wa tatu. Vipi waliokimbia wiki ya pili, ambao nafuu yenyewe hawajaiona? Hao dawa zimewatesa. Wahudumu huyaita "maudhi madogo madogo", na mimi huwa najiuliza nani aliyapima akaona ni madogo. Kichefuchefu cha kila asubuhi ni kidogo? Viungo kuuma mpaka huwezi kuinama ufunge kamba za viatu, hilo nalo dogo?

#3 Mama_Wawili

Namuunga mkono Dunda, lakini na elimu nayo msiitupe.

Mume wangu siku ya kwanza ya dawa alikojoa mkojo wa rangi ya chungwa. Akadhani ni damu, dawa zimemharibu figo. Hakuniambia. Akawa anameza mbele yangu, akitoka nje anatema. Nilikuja kugundua nilipookota kidonge kimelowa nyuma ya mlango wa choo. Nikampigia nesi, akaniambia ni rifampisini hiyo, moja ya dawa za TB, hata machozi na jasho vinaweza kubadilika rangi, na haidhuru kitu. Sentensi moja tu, ingesemwa siku ya kwanza, mume wangu asingetema vidonge. Kwa hiyo Kerengende, wako wanaojua kwamba wasiache, ila hawajui watakachokutana nacho njiani.

#4 NesiWaZamu

Salamu kwenu. Nipo kliniki ya kifua kikuu siku nyingi, niongezee kwa Mama_Wawili.

Rangi ya mkojo haina shida. Viungo kuuma mara nyingi ni pirazinamidi, inapandisha asidi ya yuriki, na dawa ya kawaida ya maumivu husaidia. Miguu kuchoma au kufa ganzi ni isoniazidi, ndiyo maana wengi hupewa vitamini B6 pamoja nayo. Kichefuchefu, tunajaribu kubadilisha muda wa kumeza au kuruhusu chakula kidogo. Rifampisini hufyonzwa vizuri zaidi tumbo likiwa tupu, lakini bora imezwe na chakula kuliko isimezwe.

Yasiyosubiri tarehe ya kliniki ni haya: macho kuwa ya manjano, mkojo kuwa mweusi, kutapika mfululizo, vipele mwili mzima, na kuona ukungu au kuchanganya nyekundu na kijani. Manjano ni ini. Macho ni ethambutoli. Hapo simamisha na uje siku hiyohiyo.

Dunda yuko sahihi kuhusu lile neno. Nimeacha kulitumia mbele ya wagonjwa.

#5 Kipanga

Swali la mtu asiyejua: malaria siku tatu, nimonia wiki moja, TB miezi sita. Kwa nini? Labda wangefupisha hiyo dozi huu uzi usingekuwepo.

#6 Mfamasia_Kijana

Kipanga, swali lako ndilo moyo wa uzi huu, vumilia nieleze.

Sababu ni tabia ya mdudu mwenyewe. Kuna bakteria ambao mazingira yakiwa mazuri hugawanyika kila dakika 20. Huyu wa TB hugawanyika mara moja kwa saa 15 hadi 20. Dawa nyingi humkamata bakteria akiwa kazini, anajenga ukuta wake au anazaliana, kwa hiyo anayezaliana taratibu ni mgumu kumnasa. Na wengine hulala kabisa, ndani ya chembe za kinga au kwenye sehemu za pafu zisizopata hewa. Isoniazidi inafyeka haraka wale wanaozaliana, na hao ndio wengi, ndiyo maana nafuu anayoisema Kerengende inakuja mapema. Waliolala hufuatwa na rifampisini na pirazinamidi, na kazi hiyo haiharakishwi. Ni kama magugu: ukifyeka shamba linaonekana safi, mizizi iko chini inasubiri mvua.

Kwa nini dawa nne kwa pamoja, yaani isoniazidi, rifampisini, pirazinamidi na ethambutoli? Katika vijidudu ambavyo havijawahi kuonja dawa, kimoja katika takribani milioni kimeshazaliwa kikiwa hakiumizwi na isoniazidi. Kwa rifampisini ni kimoja katika takribani milioni 100. Tundu moja kwenye pafu linaweza kubeba mamia ya mamilioni. Ukitumia dawa moja peke yake unawachagulia sugu nafasi ya kutawala. Hilo lilionekana mapema sana: streptomaisini, dawa ya mwanzo ya TB, ilipofanyiwa majaribio Uingereza na matokeo kutoka mwaka 1948, wagonjwa walipata nafuu kubwa, kisha wengi wakarudi kuugua na dawa haifanyi kazi tena. Ndipo wakaanza kuchanganya. Isoniazidi ikaja 1952, na bado matibabu yalichukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Majaribio ya miaka ya 1970, mengine yakifanyika hapa Afrika Mashariki, ndiyo yaliyoonyesha kwamba rifampisini na pirazinamidi zinaweza kuleta muda mpaka miezi sita.

Kwa hiyo miezi sita ndiyo iliyofupishwa tayari, mkuu.

#7 Kipanga

Nimeelewa. Shukrani.

#8 Shuwari

Mnazunguka sana. Jibu lilishapatikana: asimamiwe. Ameze mbele ya mtu, kila siku, mpaka mwisho. Daktari Karel Styblo alijenga mfumo huo Tanzania kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, WHO (Shirika la Afya Duniani) wakauchukua katikati ya miaka ya 1990 wakauita DOTS, dunia nzima ikafuata. Binadamu bila msimamizi hamalizi dozi yoyote, hata ya siku tano.

#9 Tafakuri

Shuwari, hapo pana marekebisho. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, yalikusanya majaribio yaliyolinganisha wagonjwa wanaoangaliwa wakimeza na wanaojimezea wenyewe. Kumwangalia mtu akimeza, bila kingine, hakukuleta tofauti ya maana katika kupona. Kinacholeta tofauti ni mambo yanayokwenda pamoja na huo usimamizi.

#10 NesiWaZamu

Na jambo ambalo watu husahau: DOTS ilikuwa na nguzo tano. Serikali iweke dhamira na fedha, makohozi yapimwe kwa hadubini, matibabu ya muda mfupi yenye usimamizi, dawa zisikatike, na kumbukumbu za kila mgonjwa ziandikwe na kufuatiliwa. Kumwangalia mtu akimeza ni sehemu ya nguzo moja. Kazi ya Styblo ilisimama kwa sababu dawa zilikuwepo na kila mgonjwa alikuwa na mstari wake kwenye rejista. Tukachukua kile kipande rahisi, cha kumwambia mgonjwa "fungua mdomo nione", yale mengine tukayasahau.

#11 Shuwari

Sawa, nimewasikia. Lakini bibi yangu aliyenilea alipona TB kwa sababu jirani alikuja kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, akakaa naye mpaka amemeza. Majaribio yenu hayakumpima jirani huyo.

#12 Tafakuri

Jirani huyo alimpikia chai pia? Alimuuliza amelalaje?

#13 Shuwari

Alifanya yote hayo. Na habari za mtaa alileta.

#14 Tafakuri

Basi tunasema kitu kimoja na wewe, ila hutaki kukubali 😄

WHO mwaka 2017 walipendekeza usimamizi ufanyike nyumbani au kwenye jamii badala ya kumvuta mgonjwa kituoni kila siku. Jirani yako aliwatangulia.

#15 Fundi_Bomba

Nimesoma toka juu, nikaona niseme. Mimi ni mmoja wa hao mnaowajadili. Niliacha.

Kerengende, nafuu niliipata, lakini sikuacha kwa sababu yake. Kliniki inafungua saa mbili, kibarua kinaanza saa moja. Ukichelewa, nafasi yako amepewa mwingine, anasubiri pale pale getini. Mara ya kwanza nikasema nauguza. Mara ya pili nikasema msiba. Mtu mmoja ana misiba mingapi kabla msimamizi hajaanza kumtazama vibaya? Siku moja akaniuliza mbele ya wenzangu kwa nini nakohoa na nimekonda. Kesho yake wenzangu wakawa wanakula mbali na mimi. Hawakusema neno, ila walihama benchi.

Nikapiga hesabu. Nikiendelea na dawa napona na nyumbani hawali. Nikiacha naweza kuugua baadaye, lakini wiki hii watoto wanakula. Sikuhitaji mtu wa kunielimisha kuhusu vijidudu.

Na lingine, dirisha letu la dawa lilikuwa peke yake mwisho wa uwanja, lina bango. Ukisimama pale kila anayepita anajua umefuata nini.

#16 Mama_Wawili

Pole sana kaka. Ulirudi kwenye dawa?

#17 Fundi_Bomba

Nilirudi, nikamaliza. Nimepona, Mungu ni mwema. Nesi mmoja alikubali nichukue dawa za wiki nzima jioni anapofunga, na dada yangu ndiye aliyekuwa ananiangalia nikimeza. Kilichobadilika ni hicho tu. Mwili wangu, vidonge na mimi mwenyewe tulikuwa vilevile.

#18 Mfamasia_Kijana

Ulichoandika #15, Fundi, WHO wana kipimo chake. Wanasema familia imepata gharama ya maangamizi pale TB inapokula zaidi ya 20% ya mapato yake ya mwaka. Humo wanahesabu nauli, chakula, vipimo vya kabla ya kugundulika, na mshahara uliopotea. Duniani takribani nusu ya kaya zenye mgonjwa wa TB zinaangukia humo, wakati dawa yenyewe kwa nchi nyingi ni bure.

Nina jambo lingine la kuwaeleza wanaodhani huyu mtu ni hatari kazini: kwa TB ya kawaida, uwezo wa kuambukiza hushuka haraka sana baada ya kuanza dawa zinazofanya kazi, kwa wengi ndani ya wiki mbili hivi. Wenzako walihama benchi wakati hatari ilikuwa inapungua. Walipokaa na wewe kabla hujapimwa ndipo walipokuwa hatarini.

#19 Dunda

Hiyo aya ya mwisho ibandikwe kwenye kila geti la kazi.

#20 MtuPori

Mnaremba. Wengi wanaoacha ni walevi, tuseme ukweli. Kwetu nimewaona kwa macho.

#21 NesiWaZamu

MtuPori, pombe ipo, siwezi kuificha. Inaumiza ini ambalo tayari lina kazi ya kuzichakata dawa tatu kati ya nne, na wanaokunywa sana hukosa dozi zaidi. Lakini angalia sisi tunachowaambia: "Usichanganye pombe na dawa hizi." Mgonjwa anasikia na anatii. Siku atakayokunywa, hamezi dawa, ili asichanganye. Nimeyasikia haya kwa wagonjwa wengi mpaka nikabadilisha maneno. Siku hizi nasema: punguza, ukiweza acha kabisa, lakini hata kama umekunywa, usikose dawa za siku hiyo, halafu uje tuzungumze kuhusu pombe bila kugombana. Ukimpa mlevi chaguo moja kati ya chupa na kidonge, unajua atashika nini.

#22 MtuPori

Hapo umenifundisha kitu. Lakini bado nasema nidhamu ya mtu inachangia. Wapo wawili nyumba moja, shida zilezile, mmoja anamaliza na mwingine hamalizi.

#23 Binti_Hodari

MtuPori, hao wawili wa nyumba moja wanaweza kuwa na shida zilezile kwa macho ya mpita njia tu. Nina shangazi aliyekuwa na TB na VVU kwa pamoja. Kliniki mbili, kadi mbili, siku mbili tofauti za kuhudhuria. Vidonge vya TB kila asubuhi vinavyolingana na uzito wake, na ARV zake, yaani dawa za VVU. Na kwa kuwa rifampisini inashusha kiwango cha dolutegravir, moja ya ARV hizo, mwilini, alipewa dozi ya pili ya dolutegravir kila siku. Siku moja alizimwaga zote kitandani akazitazama, akasema, "Hiki ndicho chakula changu sasa?" Kilichomuumiza zaidi ni kwamba mtaani ukisema TB wanasikia UKIMWI. Kwake ilikuwa kweli, na hakutaka ijulikane.

Wanawake tuna lingine ambalo sijaona likitajwa. Rifampisini inadhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango. Asipoambiwa atumie njia nyingine, anapata mimba katikati ya matibabu. Akiambiwa nusunusu, anaogopa mimba kuliko TB na anaacha dawa ambayo haina mtetezi ndani ya nyumba: ya TB.

#24 Kerengende

Binti_Hodari asante, hilo la uzazi wa mpango sikuwahi kulisikia na natembelea nyumba nyingi. Nitaanza kuuliza.

#25 Mama_Wawili

Samahani naingilia, kuhusu chakula. Baada ya mwezi hivi mume wangu akawa anakula sufuria zima. Nesi akasema ni dalili nzuri, mwili unajijenga. Kwangu zilikuwa habari za kutisha, maana chakula hicho nakitoa wapi? Kuna majirani waliniambia wao walimshauri mgonjwa wao aruke dawa siku ambazo hakuna chakula kwa sababu "dawa zinamtafuna tumbo".

#26 Tafakuri

Hilo la chakula linazidi hata mgonjwa mwenyewe. Kule Jharkhand, India, walifanya utafiti uliochapishwa 2023. Familia za wagonjwa zilipewa mgao wa chakula, na wanafamilia walioishia kuugua TB walipungua kwa takribani 40%. Chakula tu. Na wagonjwa walioongezeka uzito mapema walikufa kwa uchache zaidi.

#27 Dunda

Wakuu, tumewasema wagonjwa, waajiri, majirani, pombe. Mbona hatujasema kituo?

Nauliza hivi kwa sababu ya jambo ambalo nimelishuhudia. Mdogo wangu alikwenda tarehe yake, akaambiwa dawa zimeisha, rudi wiki ijayo. Akarudi. Akapewa za siku chache. Akarudi tena. Baadaye alipokosa tarehe moja, kadi yake ikaandikwa mtoro, kwa kalamu nyekundu. Siku zile dawa hazikuwepo, mtoro alikuwa nani? Kuna rejista ya kituo kilichokosa dawa, yenye wino mwekundu?

#28 NesiWaZamu

Hakuna, ndugu yangu. Na inauma upande wetu pia. Unamwambia mtu miezi mitatu kwamba kukosa siku moja ni hatari, halafu unamrudisha mikono mitupu. Neno lako halina nguvu tena kwake, hata dawa zikija.

#29 Kipanga

Hivi kuna takwimu? Maana nikisoma huu uzi naona kama kila mtu anaacha.

#30 Mfamasia_Kijana

Umefanya vizuri kuuliza. Ripoti ya WHO ya 2024 inasema matibabu ya TB ya kawaida yanafanikiwa kwa takribani 88% duniani. TB sugu ni takribani 68%. Kwa hiyo walio wengi wanamaliza, hata wenye mazingira kama ya Fundi. Na waliobaki si wote walioacha: wengine wamefariki, wengine dawa zilishindwa, wengine walihama na hakuna aliyeandika matokeo yao. Lakini mwaka 2023 walioanza kuugua TB duniani walikuwa takribani watu milioni 10.8, kwa hiyo asilimia chache ni watu wengi sana.

#31 Tafakuri

Niongeze tahadhari: takwimu hiyo inahesabu waliomaliza, haihesabu waliomeza. Kuna mtu anahudhuria kila tarehe, anachukua dawa, anaruka siku tatu kila wiki. Kwenye rejista huyo amefaulu, na hizo siku alizoruka ndizo zinazoongeza uwezekano wa ugonjwa kurudi. Mume wa Mama_Wawili wakati anatema, kwenye kadi alikuwa mgonjwa mzuri.

#32 Mama_Wawili

Kweli kabisa. Kadi yake ilijaa vizuri kila siku.

#33 Shuwari

Ngoja nirudi kwenye TB sugu maana imetajwa ikapitwa. Dada yangu aliipata. Hakuwahi kuacha dawa yoyote, aliambukizwa moja kwa moja na mtu mwingine. Watu walimhukumu kwamba amejitakia. Enzi zake ilikuwa sindano kwa miezi, halafu vidonge karibu miaka miwili. Sindano zilimwondolea usikivu. Alianza kusikia mlio masikioni akamwambia daktari, akajibiwa avumilie. Alipofika mahali hasikii tukimwita kutoka chumba cha pili, alikataa sindano. Wakaandika "amekataa matibabu". Hivi wewe ungekubali?

#34 Binti_Hodari

Nisingekubali. Pole, Shuwari.

#35 Mfamasia_Kijana

Pole sana. Kwa wanaosoma sasa wenye ndugu anayeanza TB sugu, mambo yamebadilika. Mwaka 2018 WHO waliondoa sindano za kanamaisini na kapreomaisini kwenye mapendekezo, wakaweka mbele matibabu ya vidonge vitupu. Mwaka 2022 wakapendekeza mpango wa miezi sita kwa wengi: bedakwilini, pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini. Linezolidi nayo ina yake, inaweza kupunguza damu mwilini na kuumiza mishipa ya fahamu, kwa hiyo vipimo visirukwe. Hata TB ya kawaida sasa watoto wasio na ugonjwa mkali wanaweza kutibiwa kwa miezi minne, na kuna mpango wa miezi minne kwa wenye umri wa miaka 12 na zaidi, wenye rifapentini, dawa ndugu ya rifampisini, ingawa si kila mahali upo.

#36 MtuPori

Sasa dozi zikifupishwa tutaona kama ni muda au ni watu.

#37 Kerengende

Nimesoma yote. Bado naishikilia nafuu, lakini naomba niiweke hivi: mtu mgonjwa hoi hupambana na kila kikwazo. Atakopa nauli, atasema uongo kazini, atapanga foleni chini ya bango. Akipata nafuu vikwazo vinabaki palepale, ila sababu ya kupambana navyo imepungua. Fundi, wiki ile ulipokuwa hoi kabisa, ungepiga ile hesabu?

#38 Fundi_Bomba

Swali zito. Wiki ile nisingekuwa na kibarua cha kupoteza, nilikuwa kitandani. Kwa hiyo labda una sehemu ya ukweli. Lakini mtu anayeamka kitandani na kurudi kazini, ninyi mnaita nafuu, mimi naita njaa imeniamsha.

#39 Dunda

Kerengende, hapo umeruka tena walioacha wiki ya pili. Nafuu hawana, vikwazo wanavyo, na wanaacha. Sijajibiwa toka #2.

#40 Kerengende

Hao nakubali ni wako. Tugawane wagonjwa 😄

#41 Tafakuri

Na kuna wangu ambao hamjawataja nyote wawili: waliokata tamaa. Wamelala wanatazama ukuta. Hana kichefuchefu, hajapata nafuu, dawa ziko mkononi mwake, hamezi. Sonona hukaa na TB mara nyingi na kliniki chache huuliza swali moja kuhusu usingizi au hamu ya kuishi.

#42 Kipanga

Wakuu, niseme sasa kwa nini nilikuwa nauliza. Kaka yangu aliacha. Sasa yapata miezi mitatu. Kikohozi kimeanza kurudi. Anaogopa kwenda kwa sababu atagombezwa, na kadi ameipoteza. NesiWaZamu, anaanzia wapi?

#43 NesiWaZamu

Kipanga, aje. Kadi si tatizo, jina lake lipo kwenye rejista. Akishapotea miezi miwili mfululizo au zaidi hatuunganishi tu pale alipoishia. Tunapima makohozi upya, na mashine ya kupima vinasaba inatuonyesha ndani ya saa chache kama rifampisini bado inafanya kazi. Jibu hilo ndilo linaloamua dozi. Asinunue vidonge popote wala kumalizia vile vilivyobaki nyumbani. Na nyumbani, watoto wadogo na yeyote mwenye VVU waje wapimwe pia. Mpaka ajibiwe, alale chumba chenye dirisha wazi, na akikohoa afunike mdomo.

Kugombezwa, mwambie aulize nesi wa zamu atakayemkuta na aanze kwa kusema "nimerudi". Wengi wetu tunafurahi kuliko mnavyodhani. Akikutana na mkali, ahame dirisha.

#44 Fundi_Bomba

Na muulize kilichomtoa, kabla hujamwambia chochote kuhusu vijidudu. Kama ni saa za kazi, mwende mkaombe muda mwingine tangu siku ya kwanza.

#45 Kipanga

Nimemsomea #15 yako yote. Amekaa kimya, kisha akasema atakwenda Jumatatu, nimsindikize.

#46 NesiWaZamu

Jumatatu ya nini? Kesho ni siku ya kazi, tunafungua saa mbili.